Mkono ushuke: kutengeneza mkanda wa mtetemo wa kufundishia kuchomelea

Nilipoingia atelie yangu ya kwanza, huko Katuba, Lubumbashi, nilikaa miezi mitano bila kuwasha bageti hata moja, yaani kijiti cha chuma cha kuchomelea. Nilishika vyuma visisogee, niligonga ganda la mshono lipukutike, nilifagia. Patroni, mwenye atelie, hakuwa mchoyo. Bageti zilinunuliwa kwa kuhesabiwa, umeme ulikuja na kuondoka, na kila bageti iliyoharibiwa na mwanafunzi ilikuwa imetolewa kwenye sufuria ya nyumbani kwake. Siku niliyokabidhiwa pensi, kishikio kinachobana bageti, bageti ilinasa kwenye chuma mara sita mfululizo. Macho yangu yalikuwa yameona kila kitu kwa miezi mitano. Mkono haukuwa umeona kitu.

Leo nafundisha vijana, na nimetafuta njia ya kuupa mkono huo mazoezi kabla ya kuharibu mali. Nitaeleza hapa jinsi ya kutengeneza kituo kidogo cha mazoezi: miwani ya uhalisia pepe, pensi halisi isiyo na umeme, na mkanda wa kuvaa mkononi wenye mota mbili zinazotetema mwanafunzi anapokosea. Teknolojia hii ya kuifanya ngozi ihisi jambo ambalo halipo huitwa haptiki, kutokana na neno la Kigiriki la kugusa.

Zipo glavu za haptiki za kiwandani. Kampuni ya Marekani HaptX ilitangaza glavu zake za G1 mwaka 2022 kwa dola 5,495 jozi moja. Kila glavu ina vipuli zaidi ya 100 vya hewa vinavyobonyeza ngozi, pamoja na nyuzi zinazozuia vidole visifunge. Kampuni ya bHaptics ya Korea Kusini imewahi kuuza fulana yenye mota 40. Hata ningekuwa na fedha hizo nisingezinunua kwa kazi yetu. Mchomeleaji hagusi bageti kwa ncha za vidole. Anashika pensi moja ndani ya glavu nene ya ngozi, na habari zote zinamfikia kupitia uzito wa pensi hiyo na mwendo wa kiwiko chake. Glavu inayokuchorea umbo la kila kitu kwenye vidole inamfaa anayepanga vipuri vidogo kwa mkono mtupu. Sisi tunahitaji uzito wa kweli na ishara moja inayoeleweka.

Kabla ya kununua chochote: pima bageti yako

Chukua saa ya simu. Washa bageti ya milimita 2.5 kwenye mashine unayoitumia kila siku, kwa ampea zako za kawaida, uichome mpaka kibaki kipande cha sentimita 5 ambacho ungekitupa. Andika sekunde. Pima mshono uliopata, andika sentimita. Rudia mara tano upate wastani.

Kwangu, bageti ya sentimita 35 huisha kwa kama dakika moja na kuacha mshono wa sentimita 15 hivi. Sasa fanya hesabu, maana kituo kizima kimesimama juu yake. Sentimita 30 zimeungua kwa sekunde 60, yaani milimita 5 kila sekunde. Mshono umesonga sentimita 15 kwa muda uleule, yaani milimita 2.5 kila sekunde. Mkono wa fundi unashuka kwa kasi mara mbili ya inavyosonga mbele.

Anayetazama haoni hivyo. Anaona mkono unakwenda pembeni taratibu, basi naye akipewa pensi anakwenda pembeni taratibu. Bageti inazidi kufupika, moto unarefuka, cheche zinaruka ovyo, mwisho unazimika. Anashtuka, anashusha kwa nguvu, inanasa. Nimewaona wengi wakifanya hivyo kwa mpangilio huohuo. Kushuka huku hakuonekani, na ndiko tutakakokufundisha kwa mkanda.

Hatua ya 1: Pensi yenye uzito wake

Anza hapa, kwa sababu ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote na ndiyo inayofundisha zaidi. Tafuta pensi iliyochakaa. Ifunge kwenye waya wake halisi, mita mbili hivi, lakini ncha ya pili ya waya isiende popote. Ikate kabisa na uifunge kwa utepe, ili mtu asije akaiunganisha kwenye mashine kwa bahati mbaya.

Usiuache waya ukidhani hauna kazi. Mita moja ya waya wa milimita 25 za mraba ina karibu gramu 224 za shaba pekee, bila kuhesabu mpira wake. Sisi wa Katanga tumezaliwa juu ya shaba, tunajua inavyolemea. Mwanafunzi aliyejifunza na kishikio chepesi cha plastiki atatetemeka siku ya kwanza atakapobeba pensi yenye waya. Mfundishe tangu mwanzo kuupitisha waya begani au kuuzungusha mara moja kwenye mkono, kama tunavyofanya kazini.

Kisha funga juu ya pensi kishikio cha miwani, kile cha kushika mkononi kinachokuja nayo. Natumia miwani ya Meta Quest 3S, iliyotoka mwaka 2024 kwa bei ya kuanzia dola 299 huko Marekani. Ikifika kwetu bei inapanda. Quest 2 iliyokwisha kutumika inafanya kazi pia. Kata kipande cha mbao laini, kichonge kifuate umbo la kishikio, ukifunge kwa mikanda miwili ya mpira wa tairi la ndani. Mambo mawili ya kuangalia. Kishikio kisicheze hata kidogo, maana kikiteleza milimita chache mafunzo yote yanakuwa uongo. Na uso wake wenye taa usifunikwe kwa mbao wala mkono, kwa kuwa kamera za miwani hukifuata kishikio kwa taa za infraredi ambazo jicho haliwezi kuziona.

Usiweke bageti halisi kwenye pensi hii. Bageti halisi haitafupika, na mwanafunzi atajifunza kutoshuka. Bageti itaonekana ndani ya miwani tu, ikitoka kwenye taya za pensi, na itaungua huko.

Hatua ya 2: Mkanda

Kwa mkanda unahitaji:
- bodi moja ya ESP32, kompyuta ndogo yenye Wi-Fi
- mota mbili za mtetemo za duara, zile bapa kama kifungo cha shati
- transista mbili za 2N2222
- dayodi mbili za 1N4148
- rezista mbili za ohm 1,000
- pawabanki ndogo na kebo yake
- kitambaa cha mkanda, velkro, na waya mwembamba laini

Mota zinapatikana kwenye simu zilizokufa. Mafundi wa simu kwenye soko la komine ya Kenya wanazo nyingi kwenye makopo yao ya vipuri. Omba za duara zilizofungwa. Zile za simu za zamani zina kichwa cha chuma kinachozunguka wazi, na kitambaa kitakinasa.

Mota hiyo ya duara, ikipewa volti 3, huzunguka takriban mara 12,000 kwa dakika, yaani mara 200 kwa sekunde. Ndani ya ngozi yetu kuna vihisi vilivyopewa jina la Filippo Pacini, mwanasayansi Mwitaliano wa karne ya 19, na vinahisi mtetemo vizuri zaidi unapokuwa kama mara 250 kwa sekunde. Kwa hiyo kipuri cha simu mbovu kinalenga karibu kabisa na mahali ngozi inaposikia vizuri. Kinasikika hata chini ya mkono wa koti la ngozi.

Mguu wa ESP32 hauna nguvu ya kuendesha mota. Mota hutaka miliampea 60 hadi 100, na mguu ukilazimishwa kutoa kiasi hicho utaungua. Ndiyo maana tunaweka transista katikati. Lehemu hivi, kwa kila mota: waya mmoja wa mota uende kwenye volti 3.3 ya bodi. Transista ina miguu mitatu: kolekta, besi na emita. Waya wa pili uende kwenye kolekta. Emita iende kwenye waya wa chini, ulioandikwa GND kwenye bodi. Besi ipitie kwenye rezista ya ohm 1,000 hadi mguu namba 25 wa bodi kwa mota ya kwanza, na namba 26 kwa ya pili. Dayodi ilale sambamba na mota, mstari wake ukitazama upande wa volti 3.3, inazuia umeme unaorudi nyuma mota inapozimwa usiue transista.

Soma karatasi ya transista uliyonunua kabla ya kulehemu. Zipo aina mbili zinazofanana kabisa kwa sura, P2N2222 na PN2222, na miguu yake imepangwa kinyume. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwa sababu hiyo.

Nyaya za mota ni nyembamba kama unywele na hukatika pale zinapotokea. Ukishalehemu, tia tone la gundi ya moto juu ya maungio. Usiweke gundi juu ya mota yote, itaumeza mtetemo.

Sasa mahali pa kuziweka. Kwenye ncha ya kidole ngozi inatofautisha alama mbili zilizoachana milimita 2 au 3 tu. Kwenye mkono, kati ya kiwiko na kifundo, zinahitaji kuachana karibu sentimita 4, vinginevyo mtu anahisi moja tu. Basi usizibananishe. Weka mota ya kwanza juu ya mkono, upande wa saa, na ya pili chini, upande wa mishipa, vidole vinne kutoka kifundo. Mkanda ukaze kiasi cha kidole kimoja kupita. Ukilegea, mota inatetema hewani. Ukikaza mno, mkono unakufa ganzi kabla somo halijaisha.

Pawabanki iwe mfukoni kiunoni, kebo ipite ndani ya mkono wa koti. Ninaona watu mitandaoni wakifunga betri ya lithiamu moja kwa moja mkononi. Mimi sifanyi hivyo kwa mtoto wa mtu.

Hatua ya 3: Mkanda na miwani vizungumze

Hapa patroni wengi watahitaji msaada wa kijana anayesoma informatiki, na Lubumbashi hatukosi vijana hao. Mpe maelezo haya.

ESP32 iwe yenyewe ndiyo inayotoa Wi-Fi, na miwani ijiunge nayo. Intaneti haihitajiki, megabaiti haziliwi, na umeme wa mtaa ukikatika somo linaendelea kwa betri, saa mbili hivi kwa miwani. Programu ya ndani ya miwani iandikwe kwa Godot toleo la 4, zana ya kutengenezea michezo ambayo ni ya bure na inaelewa miwani hizi. Kuna kijana alianza kuniandikia ukurasa wa kufunguliwa kwenye kivinjari cha miwani, akakwama: kivinjari kinadai ukurasa uwe salama ndipo kifungue uhalisia pepe, kisha kinakataa ukurasa huo salama kuzungumza na bodi yetu isiyo na usalama huo. Programu ya kusakinisha haina shida hiyo. Inatuma kwa UDP, njia nyepesi ya kupeleka ujumbe kwenye mtandao, na kazi inaisha.

Ujumbe uwe na namba mbili tu, nguvu ya mota ya juu na ya mota ya chini, kila moja kati ya 0 na 255, ukitumwa mara 50 kwa sekunde. Kisha sharti ambalo lisisahaulike: bodi isiposikia ujumbe wowote kwa milisekunde 200, izime mota zote. Bila hilo, siku programu itakapoganda, mkanda utatetema bila kukoma na mwanafunzi atadhani anakosea.

Mota hizi zina uvivu wa kuanza. Zinachukua kama milisekunde 50 hadi 100 kufikia kasi. Kwa hiyo kila mtetemo uanze kwa nguvu zote, 255, kwa milisekunde 50, ndipo ushuke hadi nusu. Na uwe wa mapigo, si mfululizo: milisekunde 150 inawaka, 150 inazima. Ngozi huzoea mtetemo usiokatika, na baada ya muda huacha kuusikia.

Hatua ya 4: Kuonyesha programu ncha iko wapi

Miwani inajua kishikio kiko wapi. Haijui taya za pensi ziko sentimita ngapi kutoka hapo wala zimeelekea wapi. Usipime kwa rula. Toboa kishimo kidogo juu ya meza ya chuma kwa sentapanchi. Bana kwenye taya kipande kifupi cha chuma kilichochongwa ncha, kitie kishimoni, kisha izungushe pensi pande zote kama mtu anayekoroga bukari (ugali) bila kuinua mwiko, kwa sekunde 30. Ncha haijasogea, kishikio kimezunguka. Programu inatafuta nukta moja iliyobaki palepale na hapo ndipo ilipo ncha. Toa kipande hicho ukimaliza. Rudia kila mara unapofungua mbao.

Usahihi wa miwani hizi ni wa milimita chache, na moto wa bageti ya 2.5 unatakiwa uwe mrefu sawa na unene wa bageti yenyewe. Yaani kosa la kifaa linaweza kulingana na kitu tunachokipima. Ndiyo maana situmii kipimo kikali. Naweka mpaka wa juu milimita 10 mwanzoni, baadaye 8, mwisho 6, na sishuki chini ya hapo. Mashine za kiwandani za kuigiza kuchomelea kama VRTEX ya Lincoln Electric au Soldamatic ya Seabery zina vifaa vyao maalum vya kufuata bunduki ya kuchomelea na bageti. Sisi tunafundisha tabia ya mkono, na milimita ya mwisho itafundishwa na moto wenyewe.

Hatua ya 5: Chagua kosa moja

Siku ya kwanza niliwasha kila kitu. Urefu wa moto kwenye mota ya juu na ya chini, mwendo kwa mapigo ya haraka, pembe ya bageti kwa mapigo marefu. Nilikuwa nimejivunia kazi yangu. Kijana akavaa, akachomelea nusu ya bageti, akavua miwani.

"Papa, mkono unaniongelesha sana," akasema. "Sijui unanikataza nini."

Tangu siku hiyo mkanda wangu unasema jambo moja kwa somo moja. Somo la kwanza, na refu kuliko yote, ni kushuka. Moto ukirefuka kupita mpaka, mota ya juu inapiga: umepanda mno, shuka. Bageti ikigusa chuma, mota ya chini inapiga kwa nguvu zote: imenasa. Mtetemo ni ukuta, unaukimbia. Watu wengine huelewa kinyume, wanauona mtetemo kama mkono unaowavuta upande huo. Muulize mwanafunzi wako kabla ya kuanza, mfanyie majaribio mawili akiwa amefumba macho, na kama anaelewa kinyume ubadilishe kwenye programu. Usimlazimishe afuate mazoea yako.

Ukweli usemwe hapa kuhusu kunasa. Bageti halisi ikinasa inakuvuta, unaikunja, unaipinda, unaachia pensi kwa woga. Mota ya simu haiwezi kukupa nguvu hiyo. Mwambie mwanafunzi waziwazi kwamba kunasa kwa kweli kuna nguvu zaidi, ili asishangae.

Somo la pili, siku nyingine kabisa, ni mwendo. Zima mambo ya urefu. Mota ya juu ipige mara moja kila sekunde, kama saa ya ukutani, na kwa kila pigo asonge upana wa bageti moja. Mtu akishaimeza midundo hii anaweza kuihesabu moyoni mbele ya moto.

Pembe siifundishi kwa mkanda. Jicho linaiona vya kutosha, na kidole cha mwalimu kikigusa pensi kinatosha.

Hatua ya 6: Chumba, nguo na somo

Avae kila kitu: koti la ngozi, glavu, aproni, viatu. Mkanda unakaa chini ya koti. Programu nayo itie giza, kwa sababu chini ya kioo cheusi cha maski, namba 10 au 11, fundi haoni meza wala ukuta. Anaona moto, dimbwi dogo la chuma kilichoyeyuka na vidole viwili vya mshono. Kama ndani ya miwani kunang'aa kama mchana, mwanafunzi atajifunza kuongozwa na vitu ambavyo hatakuwa navyo.

Chumba kiwe na mwanga wa kawaida lakini jua lisiingie. Jua likipiga kwenye lenzi za miwani kwa dakika chache tu linaunguza kioo cha ndani, hata miwani ikiwa imezimwa mezani. Ukuta mweupe mtupu unazisumbua kamera. Bandika kalenda za zamani. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, kwa hiyo miwani ilale kwenye boksi lenye kifuniko, na lenzi zifutwe kwa kitambaa laini kikavu. Alkoholi isiguse lenzi. Sehemu inayogusa uso iwe na kitambaa cha kubadilisha kwa kila mtu.

Dakika 15, kisha avue. Akisikia kichefuchefu avue mapema zaidi na asirudi siku hiyo. Bageti tano za uongo, mapumziko, tano nyingine. Wakati mmoja akiwa ndani ya miwani, mwingine asimame karibu kumlinda asigonge meza. Huyo wa pili anajifunza pia.

Hatua ya 7: Kuuzima mkanda

Watu wakishatengeneza kifaa wanataka kukitumia siku zote, na hapo ndipo kinapoharibu. Mwaka 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter waliandika kuhusu jinsi mtu anavyojifunza mwendo wa mwili: akielekezwa kila mara, anafanya vizuri wakati anaelekezwa, na mwelekezaji akiondoka anaanguka, kwa sababu mwili ulikuwa unamtegemea yeye badala ya kujisikiliza. Nimeliona hilo kwenye meza yangu. Kijana aliyekuwa hakosei kabisa na mkanda alinasisha bageti nne za kwanza bila mkanda.

Ratiba ninayoifuata sasa ni hii. Bageti 10 za kwanza, mpaka wa milimita 10, mkanda unasema kila anapotoka. Bageti 10 zinazofuata, moja na mkanda, moja bila. Kisha mkanda unazungumza mara moja katika kila bageti nne. Bageti 5 za mwisho za kila siku ni kimya kabisa, na alama zinazoandikwa daftarini ni za hizo tano tu. Alama zilizopatikana na mkanda siziandiki. Mpaka wa milimita unaupunguza pale anapokuwa ametulia bila mkanda kwa siku mbili mfululizo, si kabla.

Kama baada ya wiki mbili alama za kimya hazipandi, usiongeze mtetemo. Rudi kwenye pensi na waya. Mara nyingi utakuta kiwiko kinaelea hewani. Mfundishe kukiegemeza mbavuni au kushika kifundo kwa mkono wa pili, na utashangaa.

Hatua ya 8: Moto wa kweli

Miwani hii si maski ya kuchomelea. Isivaliwe, wala isiachwe ikitazama, mahali moto wa kweli unapowaka. Mkanda nao uvuliwe kabla ya kugusa mashine: nyaya, bodi na pawabanki mwilini karibu na cheche ni hatari. Mwalimu aseme jambo hili kila siku hata kama amelisema jana. Aliyepigwa macho na arki, mwanga wa moto wa kuchomelea, anajua usiku ule wa macho yaliyojaa mchanga.

Usingoje mwanafunzi awe bingwa wa uhalisia pepe ndipo umpe bageti. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, walilinganisha mwaka 2011 wachomeleaji waliofundishwa kwa moto peke yake na waliogawa muda nusu moto, nusu uhalisia pepe. Waliochanganya ndio waliofaulu vyeti kwa wingi zaidi, na vifaa vilivyotumika vilikuwa pungufu. Nusu kwa nusu ndiyo ninayoifuata: asubuhi miwani, alasiri moto. Umeme ukikatika alasiri tunabadilisha zamu.

Siku ya kwanza ya moto mpe bageti tatu za aina ya 6013, za milimita 2.5, ampea kama 75, na bamba nene la milimita 5 au 6 lililolala mezani. Bamba jembamba litatoboka na kumvunja moyo. Aweke mishono mitatu sambamba. Usiseme kitu wakati anachomelea.

Kisha gongeni ganda pamoja mkae na bamba hilo. Mshono mpana, tambarare, wenye cheche pembeni: moto ulikuwa mrefu, hakushuka vya kutosha, kwa hiyo kesho asubuhi mpaka urudi milimita 8. Mshono mwembamba uliovimba katikati, wenye alama za kunasa: anashuka kwa woga, amejifunza kuikimbia mota ya juu, mpe bageti 10 za kimya. Mshono unaopanuka mwishoni tu: mkono ulichoka, na tatizo ni waya, uupitishe begani.

Andika kwa chaki nyuma ya bamba tarehe, jina lake, na sekunde ambazo bageti ilidumu. Zile sekunde ziingizwe kwenye programu kesho yake, ili bageti ya ndani ya miwani iungue kwa kasi ileile ya bageti aliyoishika. Mabamba yapangwe ukutani kwa mfuatano. Kwangu yamefika safu ya tatu, na yule kijana wa "Papa, mkono unaniongelesha" sasa ndiye anayewafunga wenzake mkanda asubuhi, akiwauliza wafumbe macho, wanahisi wapi.